Mwaka Niliojifunza Kurudisha Trela Nyuma

Nilifika Shauri Moyo siku ya arobaini, maana siku ya maziko sikuwahi. Mzee Shabani alifariki asubuhi akazikwa alasiri, kama ilivyo desturi ya Waislamu, na wakati wanamteremsha kaburini mimi nilikuwa njiani kutoka Malaba na mzigo mgongoni, simu imezimwa kama alivyonifundisha mwenyewe. Ujumbe niliusoma nilipoegesha. Nililia mle ndani ya trela mpaka dereva mmoja Mganda akaja kugonga mlango kuuliza kama naumwa, nikamwambia nimefiwa na mwalimu wangu. Kwa hiyo arobaini ilipofika niliomba ruhusa kazini, nikafunga leso, nikajitanda mtandio, nikateremka kwa miguu kutoka Jogoo Road hadi kwenye zile nyumba kuukuu za baraza la mji, mkononi kilo tano za mchele na moyoni aibu ya kuchelewa. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai wakisoma hitima. Nilipita moja kwa moja ndani kwa wanawake, na mjane wake, Bi Mwanajuma, akanisogezea nafasi mkekani bila kuinuka. "Umekuja, mwanangu," akasema. "Kaa ule. Watu wakitawanyika nina neno na wewe."

Nikakaa nikila pilau na kutazama chumba. Hakikuwa kimebadilika hata kidogo: kabati la vioo lenye vikombe visivyonywewa, saa ya ukutani inayokwenda mbele ya wakati, pazia la maua linaloficha kitanda, na harufu ya ubani iliyoganda kwenye kuta. Ni miaka kumi na sita tangu nilipoingia mle mara ya kwanza, na niliingia na kifurushi. Nilikuwa tarishi wakati huo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, napanga chumba kimoja Lucky Summer, na kampuni ilikuwa imenipa pikipiki yenye sanduku nyuma nipeleke vifurushi Eastlands nzima. Nyumba zetu hazina namba za maana, kwa hiyo mteja anakwambia ufike kwenye duka la rangi ya buluu, upige simu, halafu uulize Mama fulani. Mimi sikuuliza. Nilizijua njia za uchochoroni kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi. Foleni ikifungana barabarani, mimi nilikuwa nimeshakata Mukuru kwa Njenga nimetokea upande wa pili, nimeshatiliwa sahihi. Nasema bila haya kwamba hakukuwa na mwenzangu aliyenifikia, na kila mwenzangu alilijua hilo, kwa sababu nililisema mara nyingi.

Kila mwezi kulikuwa na kiboksi kutoka Mombasa cha kupelekwa kwa Bi Mwanajuma. Kilikuwa chepesi, na ukikitikisa kinalia kama vichupa. Sikuuliza ni nini. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi ile: tarishi haulizi kilichomo. Siku moja ya Januari nilimkuta mumewe nyumbani, mzee mrefu mwenye kofia ya kiua, ameegemea ukuta akinywa kahawa. Aliniuliza nimepeleka vifurushi vingapi siku hiyo. Nikamjibu kwa majivuno kwamba ni arobaini, milango arobaini. Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi hupeleka kimoja," akasema, "kwa mlango mmoja. Ila mlango wenyewe uko Kampala." Bi Mwanajuma akacheka kule nyuma ya pazia. Sijui ni kitu gani kilinishika. Labda ni kile kifurushi kilichokuwa kimenichosha asubuhi ile, chenye ukubwa wa mche wa sabuni, kilichonipandisha ghorofa tano bila lifti, na mwenyewe hakutaka hata kunitazama usoni. Nikasikia mdomo wangu unauliza kama anahitaji utingo. Mzee akaweka kikombe chini. "Utingo hana pikipiki, tarishi. Utingo hufunga turubai kwenye mvua, halali kitandani, na hasifiwi."

Nikahamia hivyo hivyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mwaka mzima. Yadi ilikuwa Industrial Area, na mkuu wake alikuwa Odongo, mtu wa maneno mengi na ufunguo wa kila kitu kiunoni. Siku ya kwanza alinizunguka kama anayekagua gari la mtumba. "Niaje, madam? Kwani boda ilikushinda? Sisi huku tunasema tanboi, sasa wewe tutakuita nani?" Mzee akamjibu bila kugeuka, "Mwite tarishi. Amezoea." Jina likaganda. Kulikuwa na hoteli ya mabati mkabala na lango, na humo kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika popote. Madereva walikuwa na meza yao katikati, yenye viti vya kuegemea, na chai yao ililetwa kwenye birika. Matingo tulikaa kwenye benchi kando ya mlango na chai yetu ikaja kwenye vikombe, imeshatiwa sukari, upende usipende. Hakuna utingo aliyekalia meza ile hata ikiwa tupu. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye benchi, na kila nilipokunywa chai ile tamu kupita kiasi niliitazama meza ya katikati na kujiambia kwamba nitakufa nikiwa nimeikalia. Sasa naona nilikuwa mtu wa kuchekesha, kutamani kiti cha mbao kiasi kile. Lakini nilikitamani.

Mzee Shabani alifundisha kwa sikio. Trela lilikuwa na magurudumu ishirini na mawili, na kila asubuhi, kabla hatujawasha injini, aliyazunguka na kipande cha nondo akigonga moja moja. Gurudumu lililojaa hulia kavu. Lililopungua upepo hulia kama unagonga gunia. Alinifanya nigonge nimefumba macho, na nilipokosea alinirudisha mwanzo. Jumapili, yadi ikiwa tupu, alinifundisha kurudi nyuma. Hapo ndipo nilipogundua kuwa sijui kitu. Kwenye trela, ukitaka mkia uende kushoto unazungusha usukani kulia, na ukichelewa kuurudisha, kichwa na mkia vinakunjana kama kisu cha mfukoni. Mikono yangu ilikuwa ya pikipiki. Mahali inapotazama ndipo ilipotaka kwenda. Nililia kwa hasira zaidi ya Jumapili moja. Mzee alikaa kwenye tairi kuukuu akisikiliza, na nilipozima injini alisema neno lile lile: "Umeharakisha. Tarishi, mzigo wako ni mmoja. Unamkimbilia nani?"

Katikati ya mwaka nilifanya mtihani wa serikali nikapata leseni ya matrela. Lakini leseni si kazi. Tajiri wetu alikuwa amesema wazi kwamba Mzee anastaafu mwisho wa mwaka, na funguo zitakwenda kwa yule ambaye Mzee atamtaja. Akaongeza sharti moja: huyo wa Mzee alete mzigo kutoka Mombasa mpaka bohari la Nairobi, na kontena likifika na mkwaruzo, hakuna mjadala tena, Odongo ana shemeji yake anayesubiri. Kuanzia Ramadhani Mzee akaniachia usukani kila safari. Alisema goti linamuuma. Mwezi ule nilifuturu kwao kila tulipokuwa Nairobi. Najikumbusha mara nyingi sinia ile juu ya mkeka: uji wa pilipili manga, maharagwe ya nazi, kaimati zinazong'aa shira, na Bi Mwanajuma akimwekea mumewe tende mkononi, kiganjani kabisa, kama mtoto. Niliona ni mapenzi, nikawaonea wivu. Jioni moja nilikuwa nanawa mikono uani nikawasikia kupitia dirishani. "Utamwambia lini?" Bi Mwanajuma aliuliza. "Akishaiva," Mzee akajibu. "Nikimwambia leo ataogopa." Nikajua wananizungumzia mimi na zile funguo, nikanawa mikono mara mbili kwa furaha.

Safari ya mtihani ilikuwa Desemba. Tulipakia kontena la marobota ya mitumba Mombasa, na tajiri alitaka liwe bohari kabla ya saa sita mchana, yeye na Odongo watakuwa langoni. Niliendesha kwa adabu hadi Mlolongo, nikapita mizani, na saa nne kamili za asubuhi nikaikuta foleni imesimama hadi upeo wa macho. Watu wamezima injini, wanauziwa njugu. Nikatazama saa. Nikatazama kando. Na pale, kati ya kiwanda na ukuta wa mawe, nikaiona njia yangu. Nilikuwa nimeikata mara elfu na pikipiki. Inaingia Mukuru kwa Njenga, inapinda mara moja, inatokea nyuma ya mabohari. Damu ya utarishi ikachemka. "Mzee," nikasema, "kuna njia hapa. Dakika kumi." Akauliza, "Unaijua?" "Naijua vizuri." "Haya. Usukani unao wewe." Nikaingia.

Kosa lile hangelifanya dereva aliyekulia kwenye lori. Dereva wa lori anajua barabara kwa upana wake. Tarishi anaijua kwa mahali inapotokea. Mwanzo palikuwa panatosha. Kisha vibanda vikaanza kusogea, au mimi ndiye niliyeanza kuviona. Nikapita kona kwa shida. Mita chache mbele nguzo ya stima ilikuwa imeinama juu ya njia, nyaya zimelegea kimo cha kontena, na chini yake mama mmoja anageuza chapati. Nikafunga breki. Nyuma yangu kulikuwa na kona niliyotoka kuipita, na zaidi ya hatua mia mbili za vibanda vilivyobanana. Yule mama hakuacha chapati yake. "Wewe! Hii kitu imeingia aje huku? Hii ni njia ya mkokoteni." Nikamgeukia Mzee nikitegemea matusi. Alikuwa ametulia, anatazama mbele. "Kuna nini mbele?" akauliza. Nikadhani ananiadhibu, anataka niyataje makosa yangu kwa mdomo wangu. Nikayataja: nguzo, nyaya, kibanda, sufuria. "Na nyuma?" Nikataja nyuma. Akachukua nondo, akafungua mlango. "Basi utarudi. Mimi nitakuwa nyuma. Nikigonga mara mbili, njoo. Nikigonga mara moja, simama. Na usikimbie, tarishi, mzigo ni mmoja." Nilimwona kwenye kioo akienda nyuma polepole, mkono wake umeshika ubavu wa kontena njia nzima.

Ile saa nzima naikumbuka kuliko saa ya kuzaliwa mwanangu. Yule mama wa chapati, aliyekuwa akinitukana, ndiye aliyeanza kuita wenzake. "Inueni nailoni hizo! Mama Syombua, toa benchi! Huyu ni dem ndiye anaendesha, wacheni atoke." Wakakunja vivuli vya vibanda, wakavuta meza za nyanya, wakasimama mlangoni wamekunja mikono. Nikasikia nyuma: ngo, ngo. Nikaja kidogo. Ngo, ngo. Kulia ili mkia uende kushoto, rudisha, simama, tazama kioo cha kushoto, tazama cha kulia. Jasho liliniingia machoni nikaogopa kulifuta. Mara moja kwenye ile kona niliona kwenye kioo bati la kibanda limebakisha upana wa kiganja, nikafunga breki mwenyewe, na ule mlio mmoja wa nondo ukaja baadaye. Nikasema moyoni, Mzee naye ameliona. Nikasogea mbele, nikajipanga upya, nikarudi tena. Ngo, ngo. Sauti ile ilinishika mkono. Kama si sauti ile ningezima injini nikateremka, nikatembea kwa miguu hadi Lucky Summer, na leo ningekuwa bado napandisha sabuni ghorofani. Mkia ulipogusa lami wanawake wa Mukuru walipiga vigelegele, na mama wa chapati akaja mbio akanirushia moja dirishani, ya moto, imefungwa kwenye gazeti. Tuliigawa mimi na Mzee. Alikipapasa kipande chake kwenye gazeti kabla ya kukipata, nikasema ni uzee.

Tulifika bohari saa saba na nusu. Odongo alikuwa ameegemea lango. "Mlikuwa wapi nyinyi?" Mzee akateremka polepole. "Darasani," akasema. Odongo akalizunguka kontena, pande zote nne, akapitisha kidole, akainama mpaka chini. Alichokipata ni kipande cha nailoni ya buluu kilichonasa kwenye bawaba. Akakishika akakigeuzageuza. Tajiri akamtazama Mzee, na Mzee akasema maneno mawili tu: "Mpe funguo." Halafu tukavuka barabara kwenda hotelini. Miguu yangu, kwa mazoea, ikaelekea benchi la mlangoni. Mzee akavuta kiti cha meza ya katikati, akakipiga kofi vumbi, akabaki amekishika hadi nilipokaa. "Birika moja," akamwambia mhudumu. "Sukari kando. Dereva atajitilia mwenyewe." Nimekula kwenye hoteli nzuri tangu hapo, nyingine zina vitambaa vya meza. Sijawahi kujivunia kiti kama kile. Mwaka ulipoisha Mzee alistaafu, na haukupita mwaka tukaambiwa kisukari kimemla macho yote mawili. Nilimtembelea kila nilipopata nafasi, nikimsimulia barabara, na siku zote nikiwasimulia watu habari ya Mukuru nilisema tulitoka wawili: mikono yangu na macho yake.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayawaza pale mkekani, hadi mashehe wakaaga na masinia yakaondolewa. Bi Mwanajuma akaufunga mlango. Akaenda nyuma ya pazia akarudi na kiboksi cha karatasi ngumu, kimoja katika vile nilivyokuwa nikileta, akakiweka mapajani mwangu. Kilikuwa kitupu. "Hukuwahi kuuliza kilichomo," akasema. "Kilikuwa dawa ya macho. Dada yangu alikuwa akiituma. Mwaka ule wote, mwanangu, macho yake yalikuwa yanakwenda. Alitaka utingo, lakini kila aliyemfikiria alikuwa na mdomo. Wewe ulileta kiboksi mwezi baada ya mwezi wala hukuuliza. Ndiyo maana alikukubali. Ramadhani ilipoingia aliniapia kwamba usukani hatashika tena, maana alikuwa haoni hata mkono wake akiunyoosha. Goti lake halikuwa na neno."

Nikamwambia haiwezekani, maana Mukuru alikuwa nyuma yangu akigonga. Bi Mwanajuma akaanza kucheka, kicheko cha mjane, chenye machozi chini yake. "Siku ile alirudi hapa akakaa hapo ulipokaa. Akaniambia, Mwanajuma, leo nimegonga trela saa nzima wala sijui nilikuwa nikigonga nini. Alikuruhusu uingie ile njia kwa sababu hakuiona. Ulipomtajia nguzo na nyaya alitaka kulia. Akasema, nikimwambia sasa atashika kichwa, na huko ndani hakuna wa kumtoa. Basi akashuka akakugongea upate moyo. Ukisogea anagonga mbili, ukisimama anagonga moja. Alikuwa akikufuata wewe. Nilimuuliza, sasa ulijuaje kwamba anatoka salama? Akasema, sikusikia bati lolote likilia."

Kwanza nilikasirika. Nilifikiria yule mama na sufuria yake ya mafuta, wale wanawake mlangoni, na nikataka mzee awepo nimwambie maneno. Tarishi haulizi, lakini dereva angeuliza. Siku hizi hakuna anayepanda trela langu bila mimi kumuuliza macho yake, goti lake na dawa anazomeza. Kisha hasira ikapita, na nyuma yake likaja jambo jingine, kubwa zaidi, nikalisema kwa sauti ili nilisikie mwenyewe: nilitoka peke yangu. Kona ile, vibanda vile, bati lililobakisha kiganja, yote ni mikono hii na macho haya. Miaka yote hii nimemgawia mtu nusu ya sifa, na mwenyewe amekaa kimya kwenye mkeka huu, kipofu, akinisikiliza nikimshukuru. Nilijivuna pale mkekani hadi kifua kikauma. Halafu nikaziona tena zile nyaya juu ya sufuria ya mafuta, na nyuma yangu hakuna anayeona, kiboksi kikaniponyoka kikaanguka.

Bi Mwanajuma akakitazama, akanitazama mimi. "Ndiyo sasa unaogopa?"

"Ndiyo, Mama," nikamjibu. "Sasa ndiyo naogopa."

Akainuka akaleta birika, akaniwekea kikombe kitupu na bakuli la sukari kando, nikajitilia mwenyewe.